Nchi Jirani: Mlinzi wa Lango la Hospitali na Mipaka ya Uwezo Wake

Katika miji mikubwa ya nchi jirani ya Kenya, mgonjwa aendaye kutibiwa katika hospitali ya binafsi hakutani kwanza na daktari wala muuguzi. Mtu wa kwanza kumlaki ni mlinzi wa lango. Ndiye amwulizaye aendako, ndiye apokeaye kitambulisho chake, na ndiye amfunguliaye njia au kumzuia. Siku ya kutoka, mtu wa mwisho kumwona huwa ni mlinzi huyo huyo, amesimama mlangoni akidai karatasi yenye mhuri wa ofisi ya fedha kabla ya kumwachia apite. Amevaa sare na kofia, na mkononi ana rungu. Machoni pa mwananchi wa kawaida hana tofauti kubwa na askari. Machoni pa sheria tofauti hiyo ni kubwa sana.

Je, mtu huyu amepewa na nani uwezo alio nao, na uwezo huo unakoma wapi? Kwa askari polisi na mwanajeshi swali hili si dogo. Mlinzi wa binafsi hufanya kazi iliyo jirani na kazi yao, huwaita wao mambo yanapomshinda, na mara nyingi ni mwenzao wa zamani aliyestaafu. Pale mlinzi anapovuka mpaka wa sheria, askari anayeitwa kumsaidia huweza kujikuta naye amevuka bila kujua.

Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na sheria maalumu ya kusimamia kampuni za ulinzi. Mtu aliandikisha kampuni kama anayeandikisha duka, akanunua sare, akaajiri vijana na kuwapeleka malangoni. Vyama vya wenye kampuni vilijaribu kujiwekea taratibu, lakini ambaye hakuwa mwanachama hakubanwa na chochote. Wakati huo huo hatari zilizidi kuongezeka. Tarehe 21 Septemba, 2013, magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi na kuua watu 67. Walinzi wa jengo lile walikuwa ni wa kampuni, na hawakuwa na silaha za kukabiliana na bunduki. Majeruhi walikimbizwa katika hospitali za karibu, zikiwemo hospitali kubwa za binafsi za Parklands. Siku ile lango la hospitali lilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kumpitisha haraka anayevuja damu, na kuhakikisha kwamba adui hapiti pamoja naye.

Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Binafsi, na kanuni zake za jumla zikafuata mwaka 2019. Sheria hiyo iliunda Mamlaka maalumu ya kuandikisha na kusimamia kazi hii. Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba usajili una pande mbili. Kampuni haina budi kuandikishwa, na mlinzi mwenyewe, mmoja mmoja, hana budi kuandikishwa pia. Kwa hiyo haitoshi kwa mwajiri kutundika hati ukutani mwa ofisi yake, huku langoni akiwa amemsimamisha kijana aliyeokotwa jana. Anayetaka kuandikishwa sharti awe mtu mzima, awe amepata mafunzo ya kazi hiyo, na awe na hati ya tabia njema inayotolewa na polisi baada ya alama za vidole vyake kuchunguzwa.

Nchini Uganda njia iliyofuatwa ni nyingine. Huko kampuni za ulinzi ziko chini ya sheria ya polisi, na Mkuu wa Jeshi la Polisi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya leseni, kwa kanuni zilizowekwa upya mwaka 2013. Walinzi wengi wa Uganda hubeba bunduki. Nchini Kenya, kwa kawaida, mlinzi wa kampuni habebi bunduki, na pale panapohitajika silaha, kama vile katika kusafirisha fedha za mabenki, hutakiwa askari wa serikali. Nchi hizi mbili zinapakana, lakini moja imemweka mlinzi chini ya mkono wa polisi na kumpa silaha. Nyingine imemweka chini ya chombo cha pekee na kumnyima silaha. Hata hivyo zote mbili zimekubaliana juu ya jambo moja: kulinda kwa malipo ni kazi ya leseni, na mwenye leseni huweza kuulizwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi. Leseni haimgeuzi mlinzi kuwa askari polisi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 239, inavitaja vyombo vya usalama wa taifa kuwa ni vitatu: Majeshi ya Ulinzi, Idara ya Taifa ya Ujasusi, na Huduma ya Taifa ya Polisi. Ibara hiyo hiyo inakataza mtu kuunda kikosi cha namna ya kijeshi kinachodai kulinda usalama wa taifa, isipokuwa kama Katiba yenyewe au sheria ya Bunge imeruhusu. Kampuni ya ulinzi haimo katika orodha hiyo. Inaweza kutakiwa kushirikiana na vyombo hivyo, lakini ushirikiano haumfanyi mlinzi kuwa mmoja wao.

Basi mlinzi wa lango la hospitali ana nini mkononi? Kwanza, anao uwezo wa mwenye mahali. Mwenye jengo ana haki ya kusema nani aingie, apitie mlango upi na asipite wapi, na mlinzi husema hayo kwa niaba yake. Pili, sheria ya mwaka 2016 imemruhusu mlinzi kumtaka mtu ajitambulishe, kuandika saa ya kuingia na ya kutoka, na kushika kwa muda kitambulisho chake. Lakini sheria imeongeza masharti: kitambulisho hicho kitunzwe mahali salama, kisitumiwe kwa jambo lolote jingine ila utambulisho, na kirudishwe kwa mwenyewe atokapo.

Sharti hilo la mwisho lina uzito mkubwa hospitalini. Mathalani mama mmoja ameleta mtoto mgonjwa, ameacha kitambulisho langoni, na jioni ameshindwa kumaliza ankara. Ofisi ya fedha ikimwambia mlinzi asimrudishie kitambulisho mpaka alipe, kitambulisho kile kimekwisha kugeuzwa rehani. Sheria haikukishika kwa ajili hiyo. Mlinzi anayekubali amri ile amefanya lisilo lake, hata kama aliyemwamuru ni bwana mkubwa mwenye suti.

Daftari la wageni nalo lina mipaka. Katika jengo la kliniki nyingi, kama yale yaliyojaa mtaa wa Upper Hill mjini Nairobi, kuandika kwamba fulani alikwenda kwa daktari fulani ni karibu sawa na kuandika ugonjwa wake. Sheria ya Kenya ya Kulinda Taarifa za Watu ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa zile zinazotaka hifadhi ya pekee. Daftari lililoachwa wazi mezani, kila apitaye akisoma majina ya waliotangulia, ni siri za watu zilizoanikwa juani.

Tatu, mlinzi anao uwezo wa kukamata. Uwezo huu ndio unaoogopwa zaidi na ndio usiofahamika zaidi, ingawa msingi wake ni wa zamani na ni wa kila raia. Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, kifungu cha 34, inamruhusu raia yeyote kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi huweza kukamata bila hati, au mtu ambaye kuna sababu za haki za kumshuku kwamba ametenda kosa kubwa la jinai. Aidha, mtu aliyekutwa anaharibu mali huweza kukamatwa na mwenye mali, watumishi wake au aliowapa ruhusa. Lakini kifungu kinachofuata kinamwambia aliyekamata kwamba amkabidhi mtu huyo kwa askari polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama askari hayupo, ampeleke katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Maneno hayo ya kukabidhi ndiyo moyo wa jambo lote. Sheria imemwazima raia uwezo wa kukamata kwa muda mfupi tu, kama mtu anavyoazimwa ndoo ya kuzimia moto. Moto ukizimika, ndoo hurudishwa. Mlinzi aliyemkamata mwizi wa dawa hana ruhusa ya kumfungia katika chumba cha stoo mpaka meneja arudi kutoka safari. Hana ruhusa ya kumhoji kwa vitisho, kumpiga ili aungame, wala kumtoza faini na kumwachia. Anachopaswa kufanya ni kumzuia kwa nguvu isiyozidi mahitaji, kuhifadhi kielelezo, kukumbuka saa na mashahidi, na kuita polisi. Kama aliyekamatwa ni mwanamke na kuna haja ya kumpekua, basi ampekue mwanamke mwenzake, kwa kutunza heshima yake. Hiyo nayo ni kanuni ya sheria, wala si hisani.

Mpaka hapa mlinzi wa hospitali hana tofauti na mlinzi wa benki au wa kiwanda. Lakini hospitali ni mahali pa pekee, na kuna mambo mawili ambayo mlinzi wa benki hayajui.

La kwanza ni dharura. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikutenga hospitali za serikali peke yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilifafanua zaidi: matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kupanga uhamisho wake iwapo hospitali haina uwezo wa kuendelea naye. Hospitali yenye uwezo inayomnyima mtu matibabu hayo inatenda kosa.

Si maneno matupu haya. Mwezi Oktoba, 2015, mtu mmoja aliyegongwa na gari alikaa ndani ya gari la wagonjwa kwa muda wa saa 18, akihangaishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine kwa kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki dunia. Nchi nzima ilishtuka. Watu wakauliza faida ya haki iliyoandikwa katika Katiba, ikiwa haki hiyo inaishia nje ya lango.

Ni kweli kwamba mlinzi hakutunga masharti ya amana wala hakupanga idadi ya vitanda. Lakini yeye ndiye ashikaye komeo. Akimwambia dereva wa gari la wagonjwa, “Zungukeni, hapa hatupokei bila fedha,” ametoa hukumu ya kitabibu ambayo hata daktari hangeweza kuitoa kabla ya kumwona mgonjwa. Hana elimu hiyo wala hana uwezo huo. Kwa mgonjwa wa dharura wajibu wa mlinzi ni mmoja: afungue, aite watu wa huduma ya kwanza, na kama kuna haja ya ukaguzi, ukaguzi ufanywe huku machela inakwenda. Kitambulisho na daftari vitangoja, kwa sababu roho haingoji.

La pili ni deni. Katika hospitali nyingi za eneo hili la Afrika ulikuwepo, na mahali pengine bado upo, mtindo wa kumzuia mgonjwa aliyepona mpaka jamaa zake walipe. Hata maiti zimezuiwa, na wafiwa wakabaki wamekaa nje ya chumba cha maiti. Anayetumwa kutekeleza zuio hilo ni mlinzi. Hukaa mlangoni mwa wodi, naye huwa ndiye ukuta.

Mahakama Kuu ya Kenya imelisema jambo hili bila kuficha. Mwaka 2015 iliamua shauri la wanawake wawili waliozuiwa, kwa nyakati tofauti, baada ya kujifungua katika hospitali ya wazazi ya Pumwani mjini Nairobi, kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa. Mahakama ilisema kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba kumfungia mtu si njia halali ya kudai deni. Pumwani ni hospitali ya umma. Lakini tayari mwaka 2013 mahakama hiyo ilikuwa imeletewa shauri la namna hiyo lililohusu hospitali ya binafsi, nako ikakataa kuukubali mtindo huo. Ibara ya 29 ya Katiba inamlinda kila mtu asinyimwe uhuru wake bila sababu ya haki, na kushindwa kulipa peke yake si jinai. Kadhalika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika ibara yake ya 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza ahadi ya mapatano. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1972, na Tanzania mwaka 1976.

Hospitali nazo zina hoja, na si haki kuzipuuza. Dawa hununuliwa, umeme hulipiwa, na madaktari hudai mishahara. Hospitali isiyolipwa hatimaye hufungwa, na wanaoumia ni wagonjwa wa kesho. Lakini sheria haikuiacha mikono mitupu. Inaweza kuandikiana na mdaiwa mapatano ya kulipa kidogo kidogo, inaweza kutaka mdhamini, na inaweza kufungua madai mahakamani. Njia hizo ni za polepole, tena zina gharama. Hata hivyo ndizo njia za deni. Kumweka mtu chini ya ulinzi ni njia ya jinai, na aliyepona malaria hakutenda jinai.

Katikati ya mvutano huo yupo mlinzi mwenyewe. Mara nyingi ni kijana wa mshahara mdogo, anasimama saa nyingi, na akikataa amri hana hakika ya kuwa na kazi kesho. Anaambiwa, “Huyu asitoke.” Haambiwi kwamba kumfungia mtu isivyo halali ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kwamba siku kesi ikifika mahakamani, kusema “niliamriwa na mwajiri” hakutamfutia lawama. Ndiyo maana mafunzo na usajili si urasimu mtupu. Mlinzi aliyefundishwa huijua amri halali na amri haramu, na leseni ya jina lake mwenyewe humkumbusha kwamba ataulizwa yeye, si kampuni peke yake.

Askari polisi naye ana fungu lake. Anapopigiwa simu kwamba katika hospitali fulani kuna “mkorofi anayetaka kutoroka,” jambo la kwanza ni kuuliza kosa lake. Kama ameiba, amepiga mtu au amevunja mali, hilo ni la polisi, na tangu akamatwe saa zinahesabiwa, kwa kuwa Katiba ya Kenya inataka mshitakiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa au siku za kazi za mahakama. Lakini kama kosa lake ni ankara, askari anayemrudisha wodini amejigeuza mkusanya madeni wa kampuni, na sare ya taifa imetumika kwa kazi ya mtu binafsi.

Mambo haya hayako mbali na Tanzania. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya Tanzania, ya mwaka 1985, nayo inamruhusu raia kukamata katika hali maalumu na kumtaka amkabidhi aliyekamatwa kwa polisi bila kukawia. Asili ya sheria hizi mbili ni moja, tangu zama za ukoloni. Walinzi wa kampuni wamejaa malangoni mwa hospitali na zahanati za miji yetu pia, na miongoni mwao wamo wazee waliotumikia jeshi na polisi kwa heshima. Kwa mzee kama huyo ugumu ni wa namna yake. Kwa miaka 20 au 30 alizoea kwamba akisema “simama,” mtu husimama. Hana budi kukumbuka kwamba nidhamu na ujuzi alistaafu navyo, lakini madaraka aliyarudisha pamoja na kofia. Madaraka ni ya kazi, wala si ya mtu.

Kwa hiyo fundisho la Kenya si kwamba walinzi wa hospitali waondolewe, wala si kwamba wapewe nguvu za polisi. Hospitali isiyo na mlinzi ni mawindo ya wezi na wenye nia mbaya. Hospitali yenye mlinzi asiyejua mpaka wake ni hatari kwa mgonjwa aliyekuja kutafuta nafuu. Kinachotakiwa ni mlinzi aliyeandikishwa, aliyefundishwa na anayelipwa kwa haki; mwajiri asiyemtuma kufanya ambalo sheria imemkataza yeye mwenyewe; na askari polisi anayejua lini aitikie mwito na lini aseme hapana.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika lango la hospitali neno hilo limegeuka: mgeni amekuja ili apone yeye. Lango liwekwe kwa ajili ya kumlinda, na siku akishapona, lisiwe mlango wa gereza.